Ubongo wa Motokari: Tusihukumu Kabla ya Kupima

Zamani motokari ilikuwa chombo ambacho mtu mwenye macho makini na masikio mazuri aliweza kukielewa. Ilipokohoa njiani, dereva alishuka, akainua boneti, akafungua kabureta, akapuliza kitundu kilichozibwa na taka, akasugua plagi kwa msasa, kisha akaendelea na safari yake. Kosa lilionekana kwa macho na kushikwa kwa mikono. Siku hizi mambo yamegeuka. Karibu kila motokari iingiayo katika miji yetu ina kisanduku kimoja, kipana kama kitabu cha shule, kilichofichwa chini ya dashibodi au pembeni mwa injini. Kisanduku hicho hakisogei, hakilii, hakitoi moshi. Lakini ndicho kinachoitawala injini yote. Mafundi hukiita kompyuta ya injini. Sisi twapenda kukiita ubongo wa motokari, kwa kuwa kazi yake yafanana na kazi ya ubongo wa mtu.

Twataka leo kusema neno juu ya kisanduku hicho, maana kimewapotezea watu wengi fedha nyingi. Na hasara hiyo haitoki hasa katika kuharibika kwake, kwa kuwa hakiharibiki mara nyingi. Yatoka katika kushtakiwa kwake bure. Fundi akiishiwa na maarifa husema: «Kompyuta imekufa.» Mwenye gari hawezi kubisha, kwa kuwa hajui. Basi hutoa akiba yake, hununua kompyuta nyingine, na kesho yake ugonjwa ni ule ule. Twaandika kwa ajili ya wazazi walionunua gari kwa jasho la miaka mingi, na kwa ajili ya vijana wanaojifunza ufundi, ili wasije wakawa mahakimu wasiosikiliza mashahidi.

Kisanduku hiki kilitoka wapi?

Si kipya kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo ulioitwa D-Jetronic, uliopima petroli kwa nguvu ya umeme badala ya kabureta. Ulifungwa kwanza katika magari ya Volkswagen yaliyopelekwa Marekani. Mwaka 1979 kampuni ile ile ilitoa mtambo wa Motronic, ukafungwa katika gari la BMW 732i. Na humo kisanduku kimoja kilipewa kazi mbili pamoja, yaani kupima petroli na kuamuru cheche.

Labda mtu atauliza: kulikuwa na haja gani ya kuacha kabureta, chombo rahisi ambacho kila mtu alikifahamu? Jibu ni moshi. Katika miji mikubwa ya Marekani hewa ilikuwa imechafuka mno kwa wingi wa magari, na sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikawadai watengenezaji wapunguze sana sumu itokayo katika bomba la moshi. Kabureta haikuweza kupima petroli kwa uangalifu uliotakiwa. Baadaye, kuanzia magari ya mwaka 1996, kila motokari ndogo iliyouzwa Marekani ilipaswa kuwa na soketi ya namna moja, ili fundi yeyote aweze kuiuliza kompyuta habari zake. Utaratibu huo waitwa OBD-II. Nchi za Ulaya zilifuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Na kwa kuwa magari yetu mengi yametumika kwanza ng'ambo kabla ya kufika kwetu, sisi nasi tumeyapokea pamoja na ubongo wao.

Mwami na wajumbe wake

Tutazame sasa kazi yake. Ili petroli iungue vizuri, kilo 1 ya petroli yahitaji kilo 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi na kula fedha za mwenyewe. Ikipungua, injini hukosa nguvu na kupata joto baya. Tena injini yenye silinda nne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hudai cheche 100 katika kila sekunde moja, na kila cheche kwa wakati wake barabara. Hakuna mkono wa mtu uwezao kazi hiyo. Ubongo huifanya usiku na mchana bila kuchoka.

Lakini yatupasa kukumbuka jambo moja kubwa: ubongo huo hauna macho. Umefungiwa gizani kama mwami asiyetoka nje ya boma lake, anayetawala kwa habari za wajumbe. Wajumbe hao ni sensa. Mmoja hueleza jinsi mhimili wa injini unavyozunguka. Mwingine hueleza joto la maji. Mwingine wingi wa hewa iingiayo. Mwingine jinsi dereva alivyokanyaga pedali. Na mwingine, aliyewekwa katika bomba la moshi, huonja moshi wenyewe na kusema kama oksijeni imebaki nyingi au kidogo. Wengi wa wajumbe hao hupewa na kompyuta umeme mdogo wa volti 5, nao hurudisha sehemu yake. Na kadiri ya sehemu iliyorudishwa, ubongo hufahamu habari. Kisha hutoa amri: nozeli zifunguke kwa muda fulani, koili zipige cheche kwa wakati fulani.

Basi mjumbe akisema uongo, mwami huamuru vibaya, ijapokuwa akili zake ni timamu. Sensa ya joto la maji ikieleza kwamba injini ni baridi kumbe inachemka, kompyuta itamimina petroli nyingi mno. Waya wa mjumbe ukikatika, mwami atakaa bila habari. Na mwami mwenyewe akikosa chakula, yaani umeme safi wa betri, atazimia. Katika mambo hayo yote watu husema: «Kompyuta ni mbovu.» Kumbe haina kosa lolote.

Mambo yaliyotupata mwaka 2018

Mwaka huo sisi wa jamaa yetu, hapa Bukavu, tulikuwa na motokari moja ndogo ya Kijapani, iliyonunuliwa kwa michango ya ndugu wanne. Ndugu yetu mkubwa ndiye aliyeiendesha. Aliamka alfajiri akaenda soko la Mudaka, akapakia maharagwe na mboga za akina mama, akazileta mpaka Kadutu. Kwa kazi hiyo nyumba mbili zilipata chakula, na watoto watano walilipiwa shule.

Masika yalipoanza, gari likaingiwa na ugonjwa wa ajabu. Siku ya mvua lilizimika ghafula katika mlima. Baada ya saa moja likawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Likafanya hivyo mara ya pili. Mara ya tatu likakataa kabisa. Stata ilizungusha injini kwa nguvu, lakini hapakuwa na cheche wala petroli. Tena ile taa ya manjano yenye sura ya injini, ambayo haina budi kuwaka kila ufunguo unapofunguliwa, haikuwaka hata kidogo.

Kijana mmoja wa garaji alichomeka mashine yake ndogo ya kuulizia kompyuta. Mashine haikupata jibu. Akasema pale pale: «Wazee wangu, kompyuta imekufa. Nipeni dola 350, nitaagiza nyingine, itafika baada ya wiki mbili.» Fedha hizo tulikuwa nazo, zilikuwa karo ya watoto ya mihula iliyokuwa inakuja. Ndugu yetu alikuwa tayari kuzitoa, maana kila siku ambayo gari lililala lilikuwa siku ya njaa. Mama yetu akatuzuia. Alisema: «Wanangu, hata mbuzi akifa twamtazama kwanza kama ameumwa na nyoka au amekula sumu. Ninyi mwataka kuzika gari ambalo hakuna aliyelipima?»

Basi tukamwita mzee mmoja, fundi wa umeme, ambaye mikono yake imezeeka katika malori. Alikuja na mita ya kupimia umeme, taa ndogo yenye waya mbili, na karatasi iliyochorwa njia za waya za gari la namna ile. Hakuigusa kompyuta. Alianza mbali nayo, kama mtu anayezunguka nyumba kabla ya kubisha hodi.

Kwanza alipima betri. Ilikuwa na volti 12.5 katika utulivu, na stata ilipozunguka ikashuka mpaka 10.3. Akasema: «Chakula kipo.» Alitueleza kwamba betri ikishuka mno wakati wa kuwasha, ubongo hulala usingizi, na watu huudhania umekufa.

Pili alipima fyuzi. Hakuzitazama kwa macho tu, maana fyuzi yaweza kuwa na ufa usioonekana. Aliweka ncha ya taa yake pande zote mbili za kila fyuzi, ufunguo ukiwa umefunguliwa. Zote zilipitisha umeme.

Tatu alishika kwa kidole relei kuu, ile inayofungulia kompyuta umeme. Ilipiga mlio wake mdogo, na umeme ukatoka upande wa pili.

Nne alifika kwenye plagi kubwa ya kompyuta yenyewe. Akapima njia za umeme uingiao: volti zilikuwa kamili. Akapima waya za kurudishia umeme katika bodi ya gari, ambazo wengi huzisahau. Kati ya waya hizo na kichwa hasi cha betri hakukuonekana hata sehemu moja ya kumi ya volti; maana yake njia ilikuwa safi. Mpaka hapo mwami alikuwa na chakula na mahali pa kukaa, na hata hivyo alinyamaza.

Tano akapima zile volti 5 wanazopewa wajumbe. Mita ikaonyesha 0.7. Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akasema: «Sasa ni mambo mawili: ama mwami amekufa, ama kuna mtu amemkaba koo.» Kwa kuwa, wasomaji wapenzi, wajumbe wengi hunywa katika kisima kimoja. Mmoja wao akipasuka ndani na kuumwaga umeme ule katika bodi ya gari, kisima chote hukauka. Na katika magari kadhaa kompyuta yenyewe hushindwa hata kuamka. Mtu asiyejua ataona dalili zote za mauti.

Mzee akachomoa sensa moja, akatazama mita: 0.7. Akachomoa ya pili: 0.7. Akachomoa zote zinazopata umeme ule, na mita haikubadilika. Yule kijana wa garaji, aliyekuwa amekuja kutazama, akacheka akasema: «Mzee, si nilisema?» Nasi mioyo yetu ikaanza kukata tamaa, maana tulikwisha kuziona karo za watoto zikiondoka.

Mzee hakumjibu. Alishika fungu la waya litokalo kwenye kompyuta, akalifuata polepole kwa vidole, akilitikisa kila shubiri moja, huku ndugu yetu akitazama mita na kusoma namba kwa sauti. «0.7… 0.7… 0.7…» Vidole vya mzee vilipofika nyuma ya injini, ndugu yetu akapaza sauti: «Tano!» Na papo hapo taa ya manjano ikawaka katika dashibodi.

Kumbe kishikizo cha fungu lile kilikuwa kimevunjika zamani, na waya ziliegemea kipande cha chuma chenye ukingo mkali. Injini ilipotetemeka, chuma kilikula ngozi ya waya mmoja kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, hata shaba ikabaki uchi. Wakati wa mvua maji yaliunganisha shaba na chuma. Yalipokauka, gari likawaka. Mwishowe shaba yenyewe ikagusa chuma. Mzee aliuponya waya, akaufunga kwa utepe, akaweka kishikizo kipya mbali na ukingo ule. Tulimlipa dola 15, na kesho yake akina mama wa Mudaka walipakia maharagwe yao kama kawaida.

Twapenda kuongeza kwamba yule kijana hakuondoka kwa hasira. Alikaa karibu na mzee mpaka jua likazama, akaomba karatasi ile ya njia za waya, akainakili yote katika daftari lake. Kijana wa namna hiyo atakuwa fundi.

Namba si hukumu

Siku hizi mashine za kuulizia kompyuta zimeenea, na bei yake imepungua. Ni msaada mkubwa, lakini zimewafanya wengine kuwa wavivu wa kufikiri. Mashine hutoa namba, na mtu hukimbilia kununua kile alichodhani kwamba namba imekitaja. Tuchukue namba P0171. Yasema kwamba injini inapata petroli kidogo kuliko hewa. Haisemi ni kwa nini. Labda mpira wa hewa umepasuka. Labda pampu ya petroli imechoka. Labda chujio limeziba. Labda mjumbe wa hewa amechafuka. Namba ni shahidi mmoja tu, na shahidi huulizwa maswali. Hata namba P0606, ambayo huishtaki kompyuta waziwazi kwamba akili yake ina kasoro, haitoshi peke yake: yafaa kupima kwanza betri na njia za kurudishia umeme, kuifuta namba, na kutazama kama itarudi.

Mafundi wenye busara hushika kanuni moja: kompyuta hushtakiwa mwisho. Chakula chake kiwe kimepimwa, njia zake zimepimwa, wajumbe wake wamepimwa, na watumishi wake, yaani nozeli na koili, wamepimwa. Ikiwa habari zote njema zaingia na amri haitoki, hapo ndipo tunaposema kwa haki kwamba kosa limo ndani ya kisanduku.

Lakini mara nyingine hufa kweli

Hatusemi kwamba kompyuta haifi. La hasha! Katika mwezi wa Agosti 2010 kampuni ya Toyota iliita magari zaidi ya milioni moja ya Corolla na Matrix ya miaka 2005 mpaka 2008, yaliyokuwa yameuzwa Marekani na Kanada, ili kompyuta zake zibadilishwe. Ndani yake nyufa ndogo ziliweza kutokea katika lehemu, au katika kipande kinachokinga mitambo dhidi ya umeme mwingi. Na gari liliweza kukataa kuwaka, au kuzimika likiwa njiani. Katika kompyuta za baadhi ya magari ya Kijapani ya mwanzo wa miaka ya 1990, vipande viitwavyo kapasita huvuja maji makali yakizeeka, na maji hayo hula njia za shaba. Ukifungua kisanduku cha namna hiyo waweza kusikia harufu kama ya samaki aliyeoza, na kuona kutu ya kijani. Adui wengine ni maji ya mvua yaingiayo kwa kioo kilichopasuka, waya za betri zilizofungwa kinyume, na kuchomelea bodi kwa umeme huku kompyuta ikiwa imeunganishwa.

Jirani yetu mmoja ana basi dogo la abiria. Silinda moja ilikataa kufanya kazi. Katika garaji ya kwanza walipima, wakaona kwamba koili ya silinda ile haipati amri, ijapokuwa waya wake ni mzima. Walisema kompyuta imeharibika, na walisema kweli. Wakaleta nyingine, wakaifunga, na basi likaenda vizuri kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu silinda ile ile ikafa tena. Jirani akasikitika, akadhani ameuziwa kitu kibovu.

Alipompelekea mzee wetu kompyuta zote mbili, mzee alizifungua akaona doa jeusi mahali pamoja katika zote mbili, kwenye swichi ndogo iamuruyo koili ile. Akasema: «Hawa wameuawa na mtu mmoja. Mleteni.» Koili za basi lile ni za waya mbili, yaani swichi yake imo ndani ya kompyuta. Mzee akapima ukinzani wa koili zote nne. Tatu zilikubaliana, ya nne ilikuwa chini ya nusu ya wenzake. Ndani yake nyuzi zilikuwa zimeungua na kugusana, hata umeme ukapita mwingi mno, na swichi ikachomeka. Koili ya bei ndogo iliua kompyuta mbili za bei kubwa, kwa kuwa wa kwanza alizikwa bila kuulizwa aliyemwua. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jinsi ya kuibadilisha

Ikiwa imethibitika kwamba kompyuta yenyewe ndiyo mgonjwa, na aliyeiumiza amekwisha kuondolewa, yafaa kushika mambo haya:

1. Kuuliza kwanza kama yaweza kuponywa. Kapasita iliyovuja, lehemu iliyopasuka, au swichi iliyoungua huweza kubadilishwa na fundi wa redio na simu mwenye mkono mwepesi. Mara nyingi gharama ni ndogo, tena kompyuta hubaki na kumbukumbu zake zote.

2. Kusoma namba yote iliyoandikwa juu ya kisanduku, mpaka herufi ya mwisho. Magari mawili yaweza kufanana kama pacha, lakini moja lina gia za mkono na jingine gia za otomatiki. Na kompyuta zao si moja. Plagi kuingia vizuri si ushahidi.

3. Kukumbuka kizuia wizi. Katika magari mengi ufunguo una kipande kidogo kinachotambuliwa na kompyuta. Katika nchi za Umoja wa Ulaya magari madogo mapya yalipaswa kuwa na kizuizi cha namna hiyo tangu mwaka 1998. Kompyuta iliyotoka katika gari jingine haiujui ufunguo wako, na pengine haitawasha injini. Lazima ifundishwe kwa mashine, au kumbukumbu ya ile ya zamani ihamishwe, au inunuliwe pamoja na ufunguo na kisanduku cha kizuizi cha gari lile lililotolewa. Mwenye kununua na aliulize jambo hili kabla ya kutoa fedha.

4. Kuuliza kompyuta imetoka wapi. Nyingi huletwa kwa njia ya haki kutoka Dubai, Kampala, au Dar es Salaam. Lakini nyingine zimeng'olewa usiku katika gari la mtu. Muuzaji mwaminifu hutoa risiti, tena hukubali kuirudisha ikiwa haifanyi kazi. Anayenunua cha wizi kwa bei nafuu amlipa mwizi ili kesho arudi kwake.

5. Wakati wa kuifunga, kuondoa kwanza waya hasi wa betri na kungoja dakika chache. Kushika chuma cha bodi ili umeme wa mwilini utoke. Kutogusa sindano za plagi kwa vidole. Na kutazama kwamba hakuna sindano iliyopinda. Plagi iingie mpaka kufuli lake lilie.

6. Baada ya kuwasha, kuiacha injini ipate joto bila kukanyaga pedali. Katika magari mengi ubongo mpya huhitaji muda wa kujifunza tabia za injini yake; injini ikitetemeka kidogo siku ya kwanza, tusiogope upesi.

Na aliye na gari zima alitunze ubongo wake kwa mambo madogo: asioshe injini kwa maji ya nguvu, afunge vichwa vya betri imara, azibe mahali panapovuja maji ndani ya gari, na fundi akija kuchomelea, amwambie achomoe kompyuta kwanza. Haya hayana gharama.

Neno kwa wazazi na vijana

Wazazi wapenzi, gari la kazi ni shamba la jamaa. Linapolala, watoto hulala njaa, na mwenye njaa huwa na haraka. Lakini haraka hiyo ndiyo mlango wanamopitia hasara nyingi. Fundi akikuambia kompyuta imekufa, usimtukane wala usimdharau, mwulize kwa heshima: «Mwanangu, umepima nini? Betri ilikuwa na volti ngapi? Waya za bodi je? Zile volti 5 je?» Fundi wa kweli atafurahi kukujibu, na atakuonyesha mita yake. Asiyeweza kujibu hajapima. Na asiyepima anabahatisha kwa fedha yako.

Nanyi vijana, wengi wenu mwadhani ufundi wa motokari ni nguvu za mikono na nguo zenye mafuta. Leo ufundi huo wadai pia kalamu na daftari. Somo la umeme mnalolichoka shuleni, la volti na ukinzani, ndilo lililookoa karo za watoto watano katika jamaa yetu. Jifunzeni kusoma mchoro wa waya kama mnavyosoma barua. Nunueni mita kabla ya kununua spana ya ishirini. Tena mkae karibu na wazee wenye ujuzi, mwaulize bila haya, maana kuuliza si ujinga. Katika miji yetu magari ni mengi na wanaobadilisha vipande ni wengi. Wanaojua kutafuta sababu ni wachache, na hao hawakosi kazi.